Siku Kumi na Tano Zisizokwisha

Mtu anayetoka Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri mashariki mwa Kongo, kuelekea Komanda au Mahagi hafiki mbali kabla ya kuitoa mfukoni kadi yake ya uchaguzi. Kamba imekingama barabarani, pikipiki inazimwa, abiria anashuka, anavuka kwa miguu na kumwonyesha askari wa bariere ile kadi yenye picha yake. Asiyekuwa nayo anajua kwamba maneno yatakuwa mengi na huenda yakaishia kwenye noti. Wakongo wamekaa miongo mingi bila kitambulisho cha taifa, kwa hiyo kadi inayotolewa na tume ya uchaguzi, CENI, ndiyo inayothibitisha kwamba mtu ni mwenyeji wa nchi hii. Zile zilizotolewa kwa uchaguzi wa Desemba 2023, nyingi zilififia baada ya miezi michache, picha zikabaki vivuli, na watu wakapanga foleni upya kuomba nakala. Lakini wino kufifia ni jambo dogo. Kadi hiyo inampa mtu wa Ituri haki ya kuchagua wabunge wa jimbo, na wabunge hao ndio wenye kazi ya kumchagua gavana. Leo kazi yake ya kila siku ni kumpitisha mbele ya askari wa gavana ambaye hakuna mpiga kura aliyemweka. Kadi ni halali. Gavana naye ni halali. Swali linaanzia hapo.

Tarehe 3 Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi aliziweka Ituri na Kivu Kaskazini chini ya kile ambacho Katiba, kwa Kifaransa chake, inakiita état de siège. Kwa Kiswahili cha maandishi tunaweza kusema hali ya kuzingirwa. Watu wa Bunia hawakujisumbua kutafuta neno, wanalitaja la Kifaransa kama wanavyotaja jina la jirani. Kuanzia tarehe 6 Mei gavana wa kiraia, Jean Bamanisa, alitoka ofisini, akaingia Luteni Jenerali Johnny Luboya N'Kashama, na naibu wake akateuliwa kutoka polisi. Bunge la jimbo likasimamishwa. Nafasi ya meya wa mji na za wakuu wa wilaya zikachukuliwa na watu wenye sare. Kesi za jinai za raia, hata ile ya pikipiki iliyoibwa sokoni, zikahamia mahakama za kijeshi, ambazo hazikuwa na mahakimu wa kutosha, na gereza la Bunia, lililojengwa kwa ajili ya watu mia mbili na kidogo, likabeba zaidi ya elfu moja. Hakuna kifaru kilichopita usiku. Hakuna redio ya taifa iliyotekwa alfajiri, wala Katiba iliyochanwa. Kila hatua ilikuwa na kifungu chake: cha 85 kinampa Rais uwezo wa kutangaza, cha 156 kinaruhusu mahakama za kijeshi kushika nafasi ya zile za kiraia. Anayetafuta mapinduzi hapa atarudi mikono mitupu, na ndiyo maana maneno mawili tuliyorithi shuleni, udikteta na demokrasia, hayatufikishi mbali.

Roho ya jambo hili imo katika kifungu cha 144. Hali ya kuzingirwa hutangazwa kwa siku 30. Zikiisha inakufa yenyewe, isipokuwa Bunge la Taifa na Seneti waruhusu iongezwe kwa vipindi vya siku 15, kimoja baada ya kingine. Kifungu hicho hicho kinawapa wabunge na maseneta uwezo wa kuikomesha wakati wowote kwa sheria. Aliyeandika maneno haya alikuwa na hofu yenye akili. Alijua kwamba jeshi likipewa jimbo halina haraka ya kulirudisha, akatega kengele: kila baada ya wiki mbili wawakilishi wa wananchi waamshwe, waulizwe tena, wajibu tena. Sasa hesabu. Mwaka una vipindi 24 vya namna hiyo, na miaka minne inakaribia mia. Mara karibu mia kengele imelia Kinshasa, na mara karibu mia mkono umenyooshwa kuizima. Tena kuna nyakati ambapo haikuhitaji hata mkono wa bunge. Kila bunge linapofunga kikao cha Juni na cha Desemba, huiachia serikali ruhusa ya kutunga sheria kwa amri, na kuongeza muda wa hali ya kuzingirwa kumeingizwa ndani ya ruhusa hiyo. Mlinzi anakwenda likizo, na funguo anamwachia yule yule ambaye yeye aliwekwa kumlinda.

Wagiriki wa kale walikuwa na fumbo linalohusishwa na Eubulides wa Miletus. Una rundo la mchanga. Ondoa punje moja, bado ni rundo. Ondoa nyingine, bado. Kwa kuwa punje moja haiwezi kamwe kuligeuza rundo kuwa kitu kingine, unaweza kuendelea hadi sakafu iwe tupu na bado ukalazimika kuliita rundo. Wanafunzi wa mantiki hulicheka fumbo hili kama mchezo wa maneno, lakini kwa Ituri limekuwa namna ya kutawala, ila kwa kinyume, kwa kuongeza badala ya kupunguza. Siku 15 ni punje. Mbunge aliyeulizwa mwaka 2021 kama siku 15 zaidi zingegeuza dharura kuwa utawala wa kudumu alikuwa na haki ya kujibu hapana, na aliyeulizwa 2023 na 2025 vilevile. Kila mmoja alisema kweli. Katika kura zote hizo huwezi kunyooshea kidole moja ukasema: ni hii, hapa ndipo dharura ilipogeuka. Wakati huo mtoto aliyezaliwa Bunia wiki ile ya Mei ameshaanza chekechea, hajawahi kuishi hata siku moja chini ya gavana aliyechaguliwa, na hakuna mtu anayeweza kusema ni nani aliyeamua iwe hivyo.

Dai langu, basi, ni kwamba mtawala wa leo anayetaka kushika kila kitu ndani ya nyumba ya demokrasia anahitaji kumiliki kalenda tu. Bunge, mahakama, tume ya uchaguzi, magazeti, vyama vya upinzani, vyote anaweza kuviacha wima, mradi yeye ndiye anayeamua lini vitafanya kazi. Wanasayansi wa siasa wameandika mengi juu ya tawala za mseto. Steven Levitsky na Lucan Way wameeleza ushindani usio sawa wa vyama. Sergei Guriev na Daniel Treisman wameeleza viongozi wanaotawala kwa kuchezea habari kuliko kwa kumwaga damu. Wana haki yao. Lakini wanatazama zaidi vitu vinavyoonekana, yaani kura, fedha na televisheni. Wakati hauonekani, na kwa hiyo wizi wake hauachi alama ya kidole.

Warumi wa jamhuri walilielewa hili kuliko sisi. Walikuwa na cheo cha dikteta, tena cha kisheria, kwa ajili ya hatari kubwa, na aliyepewa alipata mamlaka yaliyokaribia kukosa mpaka. Walichokiwekea mpaka ni muda: miezi 6, basi. Simulizi waliyoipenda ni ya Cincinnatus, aliyeitwa kutoka shambani mwaka 458 kabla ya Kristo, akawashinda maadui, akavua cheo siku ya 16 na kurudi kwenye jembe lake. (Siku 16. Kipindi chetu kimoja na siku moja juu.) Hatari ilipokuja haikuja kwa kuongeza nguvu za dikteta, maana zilikuwa nyingi tangu mwanzo. Ilikuja pale Sulla alipopewa cheo hicho bila kikomo mwaka 82, na Kaisari alipopewa maisha yake yote mwaka 44. Seneti iliendelea kuketi, na vyeo vya zamani vikaendelea kugawiwa kwa majina yale yale. Carl Schmitt, mwanasheria wa Ujerumani ambaye baadaye alijiunga na chama cha Hitler na ambaye kwa hiyo inafaa kumsoma jicho likiwa wazi, aliandika mwaka 1922 kwamba mwenye mamlaka ya kweli ni yule anayeamua juu ya hali isiyo ya kawaida. Kauli yake imekuwa maarufu mno, na nadhani imekosa nusu. Kutangaza dharura ni rahisi. Moto, vita na mafuriko hutangaza vyenyewe. Mwenye mamlaka ya kweli ni yule anayeamua itaisha lini.

Wala huhitaji kwenda Roma. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, eneo lake la Kaskazini Mashariki liliwekwa chini ya hali ya hatari kwa sababu ya vita vya shifta. Vita hivyo vilimalizwa kwa makubaliano kati ya Kenya na Somalia mwaka 1967. Hali ya hatari iliondolewa 1991. Sababu ilikufa, na sheria iliyoletwa na sababu hiyo ikaishi miaka 24 baada ya mazishi. Katikati ya miaka hiyo Wakenya walipiga kura mara tano, 1969, 1974, 1979, 1983 na 1988, na Februari 1984 watu waliuawa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, mikononi mwa jeshi la nchi yao. Mtu wa Nyeri au Kisumu aliishi katika nchi moja, mtu wa Garissa au Mandera katika nchi nyingine, na wote walisimama kwa wimbo ule ule wa taifa. Dharura ya kudumu ina tabia hiyo, hupenda kukaa pembeni. Ingekuwa mji mkuu wote uko chini yake, ingechosha mapema. Ikiwekwa mbali, kwa watu ambao lafudhi yao inachekwa kwenye redio, wapiga kura wengi hawaioni hata siku wanapoichagua serikali inayoiongeza.

Kongo yenyewe ina historia ndefu ya saa zilizosimama. Mobutu aliponyakua madaraka tarehe 24 Novemba 1965 alisema anahitaji miaka 5. Aliondoka Mei 1997. Muhula wa pili wa Joseph Kabila ulikwisha Desemba 2016, na Katiba haikumruhusu wa tatu. Hakuubadilisha ule ukomo. CENI ilieleza kwamba daftari la wapiga kura halijawa tayari na fedha hazipo, na Mahakama ya Katiba ikasema Mei 2016 kwamba Rais hubaki kazini hadi atakayemrithi aingie. Maelezo yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake, kama siku 15. Wapinzani wakaliita jambo hilo glissement, yaani kuteleza, na nimelipenda neno hilo kwa sababu anayeteleza hana kosa, kosa ni la sakafu. Maaskofu wa CENCO wakasimamia makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016 yaliyotaka uchaguzi kabla ya mwisho wa 2017. Ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Hata siku hiyo, Beni na Butembo ziliambiwa zingoje hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Rais mpya aliapa tarehe 24 Januari. Watu wa Beni, ambao makanisa na masoko yao yalikuwa wazi wakati wote wa Ebola, walijipanga foleni tarehe 30 Desemba na kupiga kura zao wenyewe ambazo hakuna aliyezihesabu Kinshasa. Katika historia yote ya uchaguzi wa Kongo sijui tendo la kifalsafa zaidi kuliko hilo. Walikataa kukubali kwamba haki inayokuja baada ya uamuzi bado ni haki.

Hapa mtu atauliza kwa nini mtawala ajisumbue. Mwaka 1970 Mobutu alijipigisha kura peke yake, kadi ya kijani kwa ajili yake na nyekundu kwa wanaompinga, na hesabu rasmi ikampa wapinzani 157 katika nchi nzima. Kwa nini warithi wake wabaki na bunge lenye kelele, mahakama yenye majoho, na ushindi wa asilimia 73 badala ya 99? Kwa sababu "hapana" na "bado" ni maneno mawili tofauti kabisa masikioni mwa raia. Anayeambiwa hapana ana adui, na mwenye adui anaweza kujipanga. Anayeambiwa bado ana miadi. Taasisi zikiwa hai, kila mwenye malalamiko ana mlango wa kwenda kubisha, na kubisha mlango huchukua muda. Lugha yetu yenyewe imewekewa mtego huu, maana subira kwetu ni fadhila, huvuta heri, na mtu anayesema miaka minne imetosha anaonekana amekosa adabu. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Farao alipoulizwa lini anataka vyura waondolewe nyumbani mwake, hakusema sasa. Alisema kesho. Hata yeye aliyelala na vyura kitandani hakuweza kuiacha tabia ya kuahirisha, na baada ya vyura kuondoka aliahirisha pia ile ahadi ya kuwaachia watu waende.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, ni kwamba vita vya Ituri ni vya kweli. Hakuna aliyewabuni wanamgambo wa CODECO ili kuahirisha uchaguzi. Waasi wa ADF hawakuandikwa na washauri wa Rais. Watu walikuwa wakichinjwa Djugu tangu mwisho wa 2017, chini ya magavana wa kiraia ambao nao hawakuyazuia mauaji, na mwaka 2021 wengi Bunia waliwapokea wanajeshi kwa matumaini. Yote hayo nayakubali, na dai langu haliwezi kusimama bila hayo. Dharura ya uongo huvunjika mapema. Inayodumu ni ile yenye sababu halisi. Lakini sababu halisi ina kipimo chake: kipimo cha dawa ni ugonjwa. Miezi 9 baada ya hali ya kuzingirwa kuanza, usiku wa tarehe 1 Februari 2022, wakimbizi wapatao 60 waliuawa kwa mapanga na bunduki katika kambi ya Plaine Savo. Juni 2023 wengine zaidi ya 40 waliuawa katika kambi ya Lala. Julai 2025 ADF waliwaua waumini waliokuwa wakikesha kanisani Komanda. Katika Kivu Kaskazini, iliyowekewa dawa ile ile siku ile ile, waasi wa M23 walirudi vitani mwishoni mwa 2021 na kuitwaa Goma Januari 2025. Mtu anaweza kujibu kwamba bila majenerali ingekuwa mbaya zaidi, na hakuna anayeweza kuthibitisha vinginevyo. Ndivyo hasa ilivyo. Hoja isiyoweza kushindwa na tukio lolote haihitaji tarehe ya mwisho. Mauaji yakipungua, dawa inafanya kazi, iendelee. Yakiongezeka, ugonjwa ni mkali, iendelee. Na gavana wa kiraia aliyeshindwa alikuwa na kitu kimoja ambacho jenerali hana: wabunge wa jimbo wangeweza kumwondoa.

Pingamizi la pili linasema kwamba bunge lilipiga kura, na bunge ni wananchi. Rousseau angeuliza: sheria hii inamgusa aliyeipitisha? Kwake, utashi wa jumla una haki ya kutawala kwa sababu kila anayeamua ataubeba mwenyewe uzito wa alichoamua. Katika ukumbi wa wabunge 500, wale wa Ituri ni wachache, na mbunge wa Kasai au wa Kongo ya Kati anayenyoosha mkono hatasimamishwa na bariere njiani kwenda shambani. Mwishoni mwa 2021 wabunge wa Ituri na Kivu Kaskazini walisusia vikao vya kuongeza muda. Muda uliongezwa. Kabla ya hapo, Agosti mwaka huo huo, kamati ya ulinzi ya Bunge lenyewe ilikuwa imeikosoa vikali hali hiyo, tangu maandalizi hadi fedha. Muda uliongezwa. Novemba wanaharakati wa LUCHA waliandamana Beni kupinga nyongeza; mahakama ya kijeshi, ambayo iliwapata raia hao kwa nguvu ya hiyo hiyo hali waliyoipinga, iliwahukumu kifungo cha miezi 12 Aprili 2022. Duara limefungwa vizuri hapo, hata fundi seremala angelisifu. Agosti 2023 wajumbe wa majimbo mawili waliitwa Kinshasa kutoa maoni, na sauti nyingi ziliomba iondolewe. Oktoba Rais akatangaza kulegeza, hatua kwa hatua. Desemba 2023 watu wa Ituri walipiga kura kuchagua wabunge wa jimbo. Aprili 2024 mabunge ya majimbo mengine yalichagua magavana. Ituri ilikuwa na wateule, haikuwa na bunge.

Kuna watakaosema nimeikosea haki nchi yangu kwa kuiweka kapu moja na tawala za mabavu. Madaraka yalibadilisha mikono 2019. Redio za Bunia zinasema mengi, na mtu anaweza kumtukana waziri sokoni akarudi nyumbani kula. Nakubali, na sitaki kugombania jina. Lakini angalia nani aliyetia sahihi ya 2021: mtoto wa Étienne Tshisekedi, mzee aliyetumia miongo mitatu kumkatalia Mobutu na wawili waliomfuata, kiongozi wa chama ambacho kabla ya kuingia ikulu kilikuwa mstari wa mbele kuulaani ule mtelezo wa Kabila. Ikiwa hata chama hicho kimejifunza kutawala kwa vipindi vya siku 15, basi ubaya haumo katika moyo wa mtu mmoja. Umo katika chombo, na chombo hakimwulizi anayekishika alikuwa upande gani jana. Mwaka 2011 utawala wa Kabila ulifuta duru ya pili ya uchaguzi wa Rais. Waliopiga kelele wakati huo wamechaguliwa kwa duru moja mara mbili na sijaona haraka yoyote ya kuirudisha.

Kwa raia wa kawaida madhara yake hayafanani na hofu ya zamani. Chini ya Mobutu mtu alijua asichoruhusiwa kusema. Chini ya kalenda, mtu hajui afanye nini na leo yake. Etienne de La Boétie, katika karne ya 16, alishangaa kwa nini mamilioni wamtii mmoja, akajibu kwamba wamezoea. Ituri haijazoea, na haijatii kwa hiari, inangoja. Anayengoja hajengi chama cha kugombea ubunge wa jimbo usioketi, wala hamwandai kijana wake kuwa meya wa mji usio na uchaguzi. Anaahirisha kuwa raia. Kifungu cha 64 cha Katiba kinampa kila Mkongo wajibu wa kumzuia anayeshika madaraka kwa nguvu au kuyatumia kinyume cha Katiba. Kifungu cha ushujaa mkubwa, nami nakiheshimu. Lakini kitamsaidia nini mtu ambaye hakuna aliyeikiuka Katiba mbele yake, ila imetumika tu, ukurasa kwa ukurasa, mara karibu mia?

Kuna mkunjo mmoja wa mwisho katika karatasi hizo. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais alisema Katiba ya 2006 haifai tena na kwamba ataunda tume ya kuitazama upya. Wote wakakimbilia kifungu cha 220, kinachofunga idadi na urefu wa mihula. Wachache walisoma mistari iliyo juu yake. Kifungu cha 219 kinakataza marekebisho yoyote ya Katiba wakati wa vita, wakati wa hali ya dharura na wakati wa hali ya kuzingirwa. Anayetaka kuigusa Katiba itambidi kwanza amrudishie mtu wa Bunia gavana wake, au apate majaji watakaoeleza kwamba hali hii siyo ile iliyoandikwa pale. Kwa mara ya kwanza tangu Mei 2021, kalenda ya Kinshasa ina shida na kalenda ya Ituri. Ikichaguliwa njia ya kwanza, tutasikia asubuhi moja kwenye redio kwamba usalama umerejea, majenerali watapewa shukrani, kamba ya njia ya Komanda italegezwa, na watu watakaokuwa wanaingia mjini siku hiyo na magodoro kichwani, wakikimbia kutoka vijijini mwao, watauliza ni vita gani vilivyokwisha.